Kusaini fimwea ya vipima-unyevu vya maghala ya korosho, Mtwara: shajara ya mradi

Tuko watu watatu hapa Mtwara mjini. Mimi na fundi mwenzangu tunaandika programu na kulehemu bodi, na dada yetu mmoja anashika hesabu na kupanga safari. Kazi yetu ni vifaa vidogo vya kupima joto na unyevu ndani ya maghala ya vyama vya msingi vya korosho. Msimu uliopita tulifunga vifaa 18, kuanzia Tandahimba na Newala hadi Masasi. Kila baada ya dakika 10 kifaa hutuma vipimo kwa modemu ya simu.

Vilifanya kazi, ila kulikuwa na jambo lililoninyima usingizi. Kifaa kinaning'inia ukutani, na tundu lake la USB liko wazi. Mwenye laptopi na kebo angeweza kufuta programu yetu na kuweka yake inayosema ghala ni kavu. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kwenye korosho mwaka 2007, mzigo wa mkulima unakaa ghalani ukisubiri mnada, na unyevu ndio unaoamua kama korosho zitabaki daraja la kwanza au zitashuka. Kipimo cha uongo ni pesa ya mtu. Kwa hiyo, kabla ya msimu wa Oktoba, tuliamua kwamba kila kifaa kitaendesha fimwea, yaani programu inayokaa ndani ya kifaa, yenye saini yetu ya kidijitali tu.

Naandika ili anayetaka kufuata njia hii asirudie hasara zetu.

## 9 Juni 2025: Tunapoanzia

Chipu ni ESP32-S3 ya kampuni ya Espressif, na kinga yake inaitwa Secure Boot V2. Unatengeneza ufunguo wa siri wa RSA (njia ya kihesabu ya kusaini) wa biti 3072, unasaini nao kianzishi, yaani ile programu ndogo inayoamka kwanza umeme ukiingia, kisha unasaini programu yenyewe. Ufunguo huo una mwenzake wa wazi, wa kukagulia saini. Heshi ya SHA-256 ya ufunguo wa wazi, yaani muhtasari wake mfupi wa tarakimu, inachomwa kwenye fyuzi, biti za kuandikwa mara moja tu ndani ya chipu, na fyuzi ikishachomwa hairudi. Kuanzia hapo chipu inakagua saini ya kianzishi, na kianzishi kinakagua saini ya programu. Zisipolingana, kifaa hakiendelei.

Kuiwasha ni alama chache tu kwenye `idf.py menuconfig`, menyu ya mipangilio ya Espressif. Nikawaambia wenzangu wiki moja inatosha.

## 17 Juni: Ufunguo umeingia kwenye Git

Fundi mwenzangu alitengeneza ufunguo kwa `espsecure.py generate_signing_key --version 2`, akauacha kwenye folda ya mradi, kwa sababu mipangilio ya kawaida inautafuta hapo hapo. Akaandika `git add .` kama kila siku, amri inayoingiza kila faili la folda kwenye Git, programu tunayotunzia mradi. Tuligundua siku ya nne, ufunguo ukiwa tayari kwenye seva, na kijana aliyekuwa kwetu kwa mafunzo ya vitendo akiwa ameshavuta nakala nzima ya mradi kwenye laptopi yake.

Wazo la kwanza lilikuwa kufuta faili na kuendelea. Haisaidii: Git inatunza historia, na aliye na nakala anarudi nyuma hatua moja na kulikuta. Kuna `git filter-repo` ya kusafisha historia, lakini inasafisha nakala yetu; ya kijana yule haigusi. Namwamini kabisa, ila laptopi yake naye anaiazimisha, na siku moja ataiuza.

Tukakubaliana kwamba ufunguo ule umekufa. Bahati nzuri hakukuwa na chipu hata moja iliyochomwa kwa ufunguo huo, kwa hiyo gharama ilikuwa siku nne tu.

Tulichobadilisha:

Kwanza, tumezima `CONFIG_SECURE_BOOT_BUILD_SIGNED_BINARIES`. Sasa kujenga fimwea kunatoa mafaili yasiyo na saini, na kusaini ni hatua ya peke yake, mahali pengine, kwa mikono ya mtu mwingine. Naona hili ndilo badiliko kubwa kuliko yote katika shajara hii. Laptopi ya kuandikia programu haina tena haja ya kuujua ufunguo.

Pili, `*.pem`, yaani mafaili ya funguo, imeingia kwenye `.gitignore`, orodha ya mafaili ambayo Git haiyachukui, na kuna skripti fupi inayokataa kuweka faili lolote lenye maneno `PRIVATE KEY` ndani yake. Imeshatuokoa mara moja tangu tuiweke.

## 2 Julai: Kianzishi kimenenepa

Kianzishi chenye ukaguzi wa saini ni kikubwa kuliko cha kawaida. Kwenye S3 kinakaa anwani `0x0`, na jedwali la mgawanyo wa kumbukumbu liko `0x8000`, kwa hiyo nafasi ni kilobaiti 32 pamoja na ukurasa wa saini. Chetu kilivuka. Kupunguza ujumbe wa logi kulituingiza kwa kubanana sana, nikaona badiliko dogo tu mbele ya safari lingeturudisha palepale. Tukasogeza jedwali hadi `0x10000`.

Hapo ndipo yalipoanza mengine. Jedwali likihama, kila kilicho nyuma yake kinahama. Eneo la NVS, tunamotunza marekebisho ya kila kihisi, lilikuwa `0x9000`. Sasa ni `0x11000`. Tuliweka fimwea mpya kwenye vifaa viwili vya mezani, vikawaka vizuri, tukafurahi. Dada yetu wa hesabu akapita, akavitazama, akauliza: "Kaka, mbona hiki kinasema unyevu asilimia 58 na mwenzake 66, na vyote viko meza moja?"

Marekebisho yalikuwa yamepotea. Kifaa kilikuwa kinasoma kihisi kikavu-kavu kama kilivyotoka kiwandani. Kama si yeye, tungezunguka maghala yote 18 tukifuta kwa mikono yetu kazi ya wiki mbili ya kulinganisha vihisi, tena kwa jina la usalama.

Dawa yake, kwa kila kifaa cha zamani, kabla ya kitu kingine chochote:

`esptool.py read_flash 0x9000 0x6000 nvs.bin`

kisha, ukishaweka jedwali jipya:

`esptool.py write_flash 0x11000 nvs.bin`

Faili hilo lipe jina la ghala husika. Tulipita na majina ya `nvs1`, `nvs2`, tukachanganya mawili siku ya kwanza.

Jambo jingine la kujua ni kwamba sasisho la kawaida la hewani, lile linalotumwa kwa mtandao, halibadilishi kianzishi wala jedwali. Vifaa vya zamani lazima vifuatwe kimoja kimoja kwa miguu.

## 11 Julai: Nafasi zilizofungwa

ESP32-S3 ina nafasi tatu za heshi za funguo. Nilipenda chipu hii kwa sababu hiyo: ufunguo mmoja ukipotea au ukivuja, unahamia wa pili. Mpango wangu ulikuwa kuchoma mmoja sasa, na mingine miwili baadaye tukishajipanga vizuri.

Tukachoma bodi tatu, zikawaka na kukubali saini yetu. Zilikuwa zimeingia kwenye hali ya upakuaji salama, ambamo chipu inakubali amri chache tu za kebo, hivyo `espefuse.py summary`, amri ya kusoma fyuzi, haikusoma tena kitu. Nikatumia amri ambayo bado inaruhusiwa, `esptool.py --no-stub get_security_info`, nikakuta nafasi ya pili na ya tatu zimebatilishwa, kwenye bodi zote tatu.

Nilirudia kusoma mistari ile pengine mara kumi. Halikuwa kosa la chipu. Mpangilio wa kawaida ndio huo: kinga ikiwashwa, nafasi zisizotumika zinafungwa, ili mwizi asije akachoma heshi ya ufunguo wake kwenye nafasi iliyobaki wazi. Ni busara. Ila kwetu maana yake ilikuwa kwamba bodi hizo zina ufunguo mmoja maisha yao yote. Ukipotea, hazitapokea sasisho tena.

Kuna chaguo la kuziacha wazi, `CONFIG_SECURE_BOOT_ALLOW_UNUSED_DIGEST_SLOTS`. Hatukulichukua, kwa sababu ile ile ya mwizi. Tukaamua kutengeneza funguo zote tatu mwanzoni na kusaini kianzishi kwa zote, saini ya pili na ya tatu zikiongezwa kwa `--append_signatures`. Kifaa kikiwaka mara ya kwanza, kinachoma heshi zote tatu. Programu yenyewe inasainiwa na ufunguo wa kwanza tu. Saini moja halali inatosha.

Tangu siku hiyo hatuchomi kitu kabla ya kukijaribu kwa fyuzi za kuigiza, `CONFIG_EFUSE_VIRTUAL`. Kifaa kinadhani kimechoma, na chipu haijaguswa. Mwongozo wa Espressif unalitaja. Mimi nililipita nikisoma haraka.

Bodi ya nne tuliitoa sadaka kwa makusudi, kujaribu siku ya balaa: tuseme ufunguo wa kwanza umevuja. Tulituma kwa hewani programu iliyosainiwa na ufunguo wa pili, nayo ikaita `esp_ota_revoke_secure_boot_public_key` kubatilisha wa kwanza. Baadaye tukaileta programu yenye saini ya ufunguo wa kwanza, kifaa kikaikataa. Nilifurahi kuiona ikikataa kuliko nilivyowahi kufurahia kifaa kikikubali.

Bodi 4 kwa shilingi 28,000: 112,000.

## 28 Julai: Funguo zinakaa wapi

Tulinunua laptopi kuukuu kwa 250,000, tukatoa kadi yake ya Wi-Fi kwa bisibisi, na tangu hapo haijaunganishwa na mtandao wowote. Funguo tatu zimezaliwa humo. Zimefungwa kwa fungu la maneno ya siri kwa programu ya `age`, na nakala ziko kwenye flashi mbili: moja Shangani, nyingine Mikindani, nyumba tofauti.

Likabaki swali la nani ajue maneno hayo. Nikiyajua mimi peke yangu, homa moja kali inazima mradi. Tukiyajua wote watatu, yeyote kati yetu anaweza kusaini usiku bila wengine kujua.

Wiki hiyo nilikuwa na safari ya Tandahimba kubadilisha betri. Mlango wa ghala lile una makufuli mawili, moja juu na jingine chini, ufunguo mmoja kwa karani na mwingine kwa mwenyekiti. Tulikaa kwenye baraza karibu saa nzima tukimngoja mwenyekiti. Nikamuuliza karani: "Shikamoo mzee, kwani hamwezi kuachiana funguo?" Akasema: "Marahaba. Haiwezekani, mwanangu. Akiniachia wake, siku gunia likipungua nitaulizwa mimi peke yangu. Hivi, hata mimi nalala."

Nilirudi na jibu. Mtaalamu wa hesabu za siri, Adi Shamir, alionyesha mwaka 1979 jinsi ya kugawa siri vipande, kiasi kwamba idadi fulani ya vipande inairudisha, na ikipungua hata kimoja huambulii kitu. Programu ya `ssss` inafanya hivyo. Tulichagua vipande vitatu, viwili vinatosha. Haipokei siri ndefu, biti 1024 ndio mwisho, hivyo ufunguo wa RSA wenyewe hauingii. Tunagawa maneno ya siri yanayoufungua.

## 9 Agosti: Herufi b na namba 6

Kila mmoja aliandika kipande chake kwa mkono. Hatukutaka kuvipeleka kwenye duka la kuchapa, kwa sababu mashine ya duka inaweza kubaki na nakala.

Kabla ya kuzifunga bahasha, tulijaribu kurudisha siri kwa kila jozi. Changu na cha fundi: sawa. Changu na cha dada: takataka, alama zisizosomeka. Cha fundi na cha dada: takataka tena. Kwa hiyo kasoro ilikuwa kwenye karatasi ya dada, lakini wapi? Kipande ni mfululizo wa namba na herufi a hadi f, na `ssss` haina namna ya kukuambia umekosea tarakimu ipi. Inakutolea tu jibu lisilo sahihi.

Tulikaa saa mbili. Mwishoni fundi aliishika karatasi akaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha: katikati ya mstari kulikuwa na 6 ambayo mkia wake ulinyooka kidogo kuliko zile nyingine. Ilikuwa b.

Tungezifunga bahasha siku ile bila kujaribu, tungegundua siku tunayouhitaji ufunguo. Tumegawa upya. Sasa tunaandika kwa makundi ya herufi nne nne. Mmoja anasoma kwa sauti, "be" au "sita", mwenzake anaweka tiki. Kisha jozi zote tatu zinajaribiwa kutoka kwenye karatasi, siyo kutoka kwenye skrini. Bahasha ziko ndani ya mifuko ya plastiki, maana hewa ya pwani hii inalainisha karatasi hadi wino unatawanyika. Bahasha na plastiki: 6,500.

## 21 Agosti: Tokeni

Kufungua ile laptopi na kukusanya vipande kwa kila sasisho dogo kungetuchosha, na mtu aliyechoka hutafuta njia ya mkato. Ufunguo wa kwanza, wa kazi za kila siku, tuliamua kuuingiza kwenye tokeni ya USB. Ukishaingia hautoki, tokeni inasaini ndani yake na kutoa saini tu.

Nilinunua YubiKey 5 iliyotumika kwa 95,000. Ikakataa ufunguo wa biti 3072. Kwenye PIV, sehemu ya YubiKey tunayosainia, RSA ya ukubwa huo inakubalika kuanzia toleo la 5.7, lililotoka mwaka 2024, na fimwea ya YubiKey haisasishwi baada ya kutoka kiwandani. Sikuuliza toleo kabla ya kulipa. Tukaagiza mbili mpya, 190,000 kila moja, tukangoja.

`espsecure.py` inasaini kwa tokeni kupitia PKCS#11, utaratibu wa kawaida wa programu kuwasiliana na tokeni: unaongeza `--hsm` na faili dogo la mipangilio. Palipotukwamisha ni jina la ufunguo. Tuliandika jina tulilolipenda wenyewe, ikasema hakuna ufunguo. Maktaba ya YubiKey inataja ufunguo kwa jina la nafasi uliyouweka. Kwa nafasi `9c` ni `Private key for Digital Signature`. Andika hivyo hivyo.

Tokeni moja anatunza dada, PIN anaijua fundi. Mimi ninayeandika sehemu kubwa ya programu sina chochote. Nililipendekeza mwenyewe na silijutii.

## 6 Septemba: Saini halali kwenye faili baya

Fundi alikuwa akitafuta hitilafu ya modemu, akajenga fimwea yenye konsoli wazi: unaunganisha kebo, unaandika amri, unabadilisha marekebisho ya kihisi utakavyo. Faili likaingia kwenye folda ya kusubiri saini pamoja na mengine. Likasainiwa. Likaenda kwenye vifaa viwili vya majaribio, na nakala ikabaki kwenye seva ya masasisho kwa siku mbili.

Saini inasema tu kwamba faili limetoka kwetu. Faili lile lilikuwa limetoka kwetu kweli, na kila kifaa chetu kingelikubali leo, kesho na mwaka kesho. Kulifuta kwenye seva hakutoshi, kwa sababu aliyelishusha analo.

Ipo kinga ya kutorudi nyuma: namba ya toleo la usalama inachomwa kwenye fyuzi, na kifaa kinakataa fimwea yenye namba ndogo kuliko hiyo. Kwenye S3 hatua ni 16 tu kwa maisha yote ya chipu. Tumetumia moja, zimebaki 15. Kila nikiiona namba hiyo inaniuma.

Sasa skripti ya kusaini inasoma mipangilio iliyojengea faili, na ikikuta konsoli imewashwa inagoma. Pia fimwea inajengwa kwenye laptopi mbili, na mafaili yanalinganishwa kabla ya saini. Mara ya kwanza tulilinganisha yaliyosainiwa, heshi zikatofautiana, tukashtuka tukidhani laptopi mojawapo imeingiliwa. Kumbe saini ya RSA-PSS, aina tunayotumia, ina chumvi ndani yake, yaani tarakimu za bahati nasibu. Ukisaini faili lile lile mara mbili, saini mbili hazifanani. Linganisha yasiyo na saini, na uwashe `CONFIG_APP_REPRODUCIBLE_BUILD`, la sivyo tarehe ya kujengea inaingia ndani ya faili na kulibadilisha.

## 27 Septemba: Barabarani

Siku nne: Tandahimba, Newala, Masasi. Kila ghala lilichukua kama dakika 25. Utaratibu: soma NVS, soma fyuzi, weka kianzishi, jedwali, NVS na programu, washa, ngoja, kisha `get_security_info`. Kifaa tulikilisha kwa pawabenki muda wote, kwa sababu umeme kukatika fyuzi zikiwa zinachomwa ni hatari ambayo hatukutaka hata kuijaribu. Newala ulikatika kweli, mara mbili, na hatukushtuka.

Kwenye kila kifaa, kabla ya kuondoka, tulijaribu kukiwekea fimwea yenye saini ya ufunguo mwingine, karani akitazama. Skrini ndogo ilibaki nyeusi. Tukakirudishia ya kwetu, kikawaka. Karani mmoja Newala alituomba turudie, akaenda kumwita katibu naye aone.

Mafuta na malazi: 430,000. Jumla ya mradi hadi leo, bila nguvu kazi yetu: shilingi 1,273,500.

## 4 Oktoba: Kilichobaki

Vifaa 17 kati ya 18 vimesainiwa. Cha kumi na nane kiko Masasi. Tulifika, karani yupo na ufunguo wake, lakini mwenyekiti alikuwa msibani Nachingwea na ufunguo wa kufuli la chini ulikuwa mfukoni mwake. Hatukuomba njia nyingine. Tunarudi tarehe 14, na hadi hapo vipimo vya ghala lile vinaonekana kwenye ripoti vikiwa na alama kwamba vimetoka kwenye fimwea isiyo na saini.